Kila Kiroboto Ana Kwao

Ndugu msomaji, leo nakuomba radhi kabla sijaanza. Najua ukurasa huu husomwa Jumapili asubuhi, chai ikiwa mezani na watoto wakigombea kipande cha mwisho cha muhogo, na mgeni ninayemleta mbele yako si mgeni wa kukaribishwa mezani. Jina lake ni kiroboto. Usigeuze ukurasa. Amekwisha kuingia katika nyumba nyingi bila kupiga hodi, ya kwangu ikiwa mojawapo, na ni afadhali sisi tumjue yeye na ukoo wake kuliko kumwachia atujue sisi peke yake.

Mwaka 1983 mimi na jamaa yangu tulikuwa tukiishi katika nyumba ya udongo, katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Mahindi tulikuwa tumeyaweka darini juu ya jiko ili yapate moshi, na panya, kama ilivyo desturi yao, walikuwa wamehamia huko huko. Usiku walicheza ngoma juu ya vichwa vyetu, na asubuhi tuliokota magunzi sakafuni. Nikanunua sumu, nikaichanganya na pumba, nikaitega darini bila ya kumwuliza mtu. Baada ya siku tatu ngoma ilinyamaza. Nilitembea kijijini kifua mbele kama mtu aliyeua chui.

Asubuhi ya siku ya tano mama mtoto akaniita jikoni. Akaniinulia kanga iliyofunika miguu ya binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka sita. Tangu vifundoni hadi magotini palikuwa na madoa mekundu, mengine mawili mawili, mengine matatu kwa mstari. Yeye na bibi yake walikuwa wakilala jikoni juu ya mkeka, kwa sababu usiku wa Usambara ni baridi na mafiga hukaa na joto hadi alfajiri. Bibi naye alikuwa akijikuna kimya kimya, asitake kutusumbua. Mzee mmoja jirani yetu, alipopata habari, hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, umemuua mwenye nyumba, wapangaji wake je, umewaonyesha pa kuhamia?"

Swali hilo lingenipita kama upepo lau binti yule asingepatwa na homa jioni ya siku ile ile. Ikumbukwe kwamba tauni ilikuwa imezuka wilayani humo mwaka 1980, na kila mwana Lushoto alikuwa amekwisha kusikia habari ya mitoki ya kinenani na mazishi ya haraka. Usiku ule hatukulala. Kulipopambazuka nilimbeba mgongoni hadi zahanati, na mganga, kabla hajauliza lolote, alimpapasa kinena na makwapa. Nilizuia pumzi. Hapakuwa na mtoki. Damu ilipopimwa ilionekana ni malaria, akapewa dawa, akapona. Lakini njiani tukirudi niliazimia kujua kitu kimoja: viroboto wale walikuwa ni akina nani, walitoka wapi, na kwa nini walimchagua mwanangu?

Tangu hapo nimesoma na kuuliza kila nilipopata nafasi, na leo nakuletea muhtasari wa niliyojifunza. Jibu lenyewe ni fupi, ila lina matawi mengi: kila kiroboto ana kwao. Ajuaye kwao kiroboto hujua pia ni nyumba gani iliyo hatarini, ni nani alalaye karibu na hatari hiyo, na ni jambo gani litangulie kufanywa.

Watu wengi tunadhani kiroboto ni mmoja, kama vile mgeni wa mjini anavyodhani mihogo yote ni sawa. Wataalamu wamekwisha kuainisha spishi zipatazo 2,500 za viroboto ulimwenguni, na karibu robo tatu ya hizo huishi kwa wanyama wagugunaji, yaani panya wa kila namna, kindi, fuko, na wengineo wenye meno ya mbele ya kutafuna. Wako viroboto wa popo peke yao. Wako viroboto wa ndege. Iko hata familia moja ya viroboto ambayo haipatikani kokote duniani ila katika bara letu la Afrika, na baadhi yao hukaa kwa sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu arukaye katika majani makavu.

Lakini jiulize, ndugu msomaji: umepata kuona kiroboto ambaye ni wa pundamilia? Au wa tumbili? Hutampata kwa urahisi, na sababu yake ndiyo ufunguo wa habari yote. Kiroboto aliyekomaa hunywa damu, lakini watoto wake hawanywi. Jike hutaga mayai, nayo hudondoka kutoka katika manyoya na kuangukia tunduni. Hapo huanguliwa mabuu madogo meupe yasiyo na miguu, ambayo hula vumbi la tunduni pamoja na chembe za damu iliyokauka, zilizodondoshwa na wazazi wao. Kisha buu hujisokotea kifukofuko, na kwa kuwa nyuzi zake hunata, vumbi hukifunika kisionekane. Ndani yake kiroboto kijana huweza kungoja majuma kadhaa, pengine miezi, hadi atakaposikia mtikisiko wa hatua, joto la mwili au pumzi ya kiumbe anayekaribia. Ndiyo maana mtu akifungua nyumba iliyokaa bila watu muda mrefu, hushambuliwa kabla hajafungua madirisha.

Basi mnyama asiye na kitanda cha kudumu hamfai kiroboto, kwa kuwa mayai yataanguka njiani na mabuu yatakufa njaa. Pundamilia hulala popote, na tumbili hubadili mti. Ngiri, ambaye hulala shimoni, viroboto anao. Panya, ambaye hurudi katika tundu lile lile kila siku, ndiye mwenyeji bora kuliko wote. Na mwanadamu? Tangu alipoanza kulala mahali pamoja usiku baada ya usiku, juu ya mkeka ule ule na sakafu ile ile ya vumbi, alijitia mwenyewe katika orodha hiyo.

Hapo ndipo linapoanza swali la kuwatofautisha. Kwa macho matupu wote ni punje nyeusi ziendazo mbio, zisizo na mabawa, zenye urefu wa milimita chache, na zilizobanwa ubavuni kama samaki ili zipenye kati ya nywele. Mtaalamu humchukua mmoja, humtia katika dawa ya potasi hadi rangi ya mwili imtoke, kisha humlaza juu ya kioo na kumtazama kwa hadubini. Kwanza hutafuta vitana. Viroboto wengi wana safu za miiba myeusi iliyopangwa kama meno ya kitana, nayo huwasaidia kushikamana na manyoya. Kiroboto wa paka ana vitana viwili, kimoja chini ya shavu na cha pili shingoni. Wale wanaoitwa Dinopsyllus na Ctenophthalmus, ambao hukaa kwa panya wa mashambani na misituni katika sehemu hizi zetu, nao wana vitana. Viroboto wa kundi la Xenopsylla, ambao wengi wao tunawajua kama viroboto wa panya wa nyumbani, hawana kitana hata kimoja. Kiroboto wa binadamu, Pulex irritans, naye hana. Wawili hawa hutenganishwa kwa alama ndogo sana: Xenopsylla ana ufito mwembamba uliosimama wima ubavuni mwa kifua, na Pulex hana.

Huenda ukasema, "Bwana mwandishi, mimi nina shamba la kupalilia na ada ya shule ya kulipa, ufito wa kifuani mwa kiroboto unanihusu nini?" Nami nakujibu kwamba umewahi kuhusu uhai wa watu maelfu. Nisikilize.

Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aligundua huko Hong Kong kijidudu kiletacho tauni, na kijidudu hicho leo kina jina lake. Lakini hakuna aliyejua kilivyomfikia mtu. Mwaka 1898, mjini Karachi, daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alimtia panya mgonjwa mwenye viroboto katika chombo cha kioo, akamning'inizia humo panya mzima ndani ya kizimba cha waya, wasiweze kugusana wala kuumana. Viroboto peke yao ndio walioweza kuvuka. Panya wa kwanza akafa, na baada ya siku chache wa pili naye akafa kwa tauni. Simond alikuwa pia ameona jambo ambalo mzee wangu wa Usambara alilijua bila ya maabara: panya anapokufa na mwili kupoa, viroboto humhama. Wengi walimdharau Simond kwa miaka, hadi majaribio yaliyofanywa India baadaye yalipothibitisha maneno yake.

Wakati huo huo huko Uingereza alikuwapo mtu wa benki, Charles Rothschild, ambaye starehe yake haikuwa farasi wala karata, bali viroboto. Aliwapa majina spishi zipatazo 500. Mwaka 1901 alikusanya viroboto mahali paitwapo Shendi, nchini Sudan, na mwaka 1903 akamwandika mmoja wao, ambaye leo huitwa Xenopsylla cheopis, akimkumbuka Farao Cheops wa Misri. Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kuwa msambazaji mkuu wa tauni duniani. Ubaya wake uko tumboni. Mwaka 1914 Bacot na Martin walieleza kwamba vijidudu vya tauni huzaana na kuganda katika mlango wa tumbo la kiroboto hata wakauziba. Kiroboto huyo hunywa damu isishuke, hivyo hushikwa na njaa kali, huuma tena na tena, na kila aumapo hutapika vijidudu ndani ya jeraha.

Sasa sikia kisa cha ufito na vitana. Tauni ilipoingia India, mji wa Bombay uliteketea, ilhali Madras, ambayo leo huitwa Chennai, iliguswa kidogo, na Colombo kisiwani Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, nayo iliumia kwa uchache. Panya walikuwapo kote, na viroboto walikuwapo kote, na watu wote walidhani ni viroboto wa namna moja. Mwaka 1911 Rothschild alionyesha kwamba miongoni mwao imo spishi nyingine inayofanana sana na cheopis, akaiita Xenopsylla astia. Daktari L. F. Hirst wa Colombo akaanza kuwahesabu mmoja mmoja. Akaona kwamba panya wa mji wake walijaa astia, ambaye si hodari wa kusambaza tauni, na kwamba cheopis alionekana zaidi karibu na maghala yaliyopokea nafaka kutoka ng'ambo, huko huko ilikokuwa tauni. Kumbe ramani ya ugonjwa ilikuwa ni ramani ya kiroboto! Aliyetaka kuulinda mji alipaswa kwanza kuyatazama magunia ya bandarini.

Kwetu Afrika Mashariki ramani hiyo ina watu wake pia. Cheopis hupenda joto na unyevu, na amesafiri na meli, treni na malori, kwa hiyo humkuta zaidi katika bandari, miji na maghala. Yuko na ndugu yake, Xenopsylla brasiliensis, ambaye jina lake linapotosha, kwani aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1904 kwa vielelezo vilivyopatikana Brazil, ilhali asili yake ni Afrika. Huyo ni wa vijijini, hasa nyanda za juu zenye ubaridi, na hustawi katika nyumba za udongo na paa za nyasi. Mwaka 1949 mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Uganda, G. H. E. Hopkins, aliandika taarifa nzima juu ya panya, viroboto na tauni ya nchi hiyo. Baadaye alishirikiana na Miriam Rothschild, binti wa yule mtu wa benki, kuandika orodha kubwa ya viroboto wa mkusanyo wa Rothschild, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1953. Hivyo usidhani elimu hii ni ya ughaibuni tu. Sehemu yake imeokotwa katika vibanda na mashamba ya huku kwetu.

Na kama wasiwasi ungalipo kwamba kiroboto husafiri, mkumbuke funza. Yeye naye ni kiroboto, ila jike lake hujichimbia katika nyama ya kidole. Kwao hasa ni Amerika. Mwaka 1872 meli moja iliyotoka Brazil ilimshusha katika pwani ya Angola, na kwa miguu ya wapagazi, askari na wafanya biashara akavuka bara zima, hata kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kufika pwani yetu na Unguja. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Nadhani funza naye wangemtia katika methali hiyo lau wangemwahi.

Turudi sasa Usambara. Tauni iliyozuka Lushoto mwaka 1980 haikuondoka upesi. Kati ya mwaka huo na 2004 waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 7,000, na waliougua zaidi walikuwa wanawake na watoto. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na wenzao walitega mitego mashambani, vichakani, msituni na majumbani. Kila panya aliyenaswa alichanwa manyoya kwa brashi juu ya beseni jeupe, na viroboto waliodondoka wakawekwa katika spiriti, wakahesabiwa na kuainishwa. Katika kazi za namna hii ndipo huonekana jinsi kila mmoja anavyoshika kwao: wenye vitana kwa panya wa shambani na msituni, Xenopsylla kwa panya wa nyumbani. Tena yupo panya shamba mwenye matiti mengi, Mastomys natalensis, asiyejali mpaka. Mahindi yakiwa shambani yuko shambani. Yakivunwa na kuletwa nyumbani, naye huyafuata, akiwa amevaa viroboto wake. Huyo ndiye daraja kati ya porini na jikoni.

Lakini jambo lililonishtua zaidi lilichapishwa mwaka 2007. Watafiti kutoka Ubelgiji na wenzao wa Sokoine waliwakusanya viroboto wa majumbani katika vijiji 12 vya Usambara Magharibi, saba vyenye kuandamwa na tauni mara kwa mara, na vitano ambavyo tauni ilikuwa nadra au haikuandikwa kabisa. Katika kila viroboto 100 waliopatikana ndani ya nyumba, 72 hawakuwa viroboto wa panya. Walikuwa Pulex irritans, kiroboto wa binadamu, yule asiye na ufito kifuani. Tena palipokuwa na wengi wa namna hiyo ndipo palipokuwa na tauni nyingi, ilhali idadi ya viroboto wengine wa majumbani haikuonyesha uhusiano huo. Watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari kwamba huenda kiroboto huyo ana sehemu yake katika kuenea kwa ugonjwa, na kwamba kumhesabu ni njia ya kutambua vijiji vilivyo hatarini. Nami niliposoma maneno hayo nilikumbuka mkeka wa jikoni. Nilikuwa nimewalaumu panya kwa kila kitu, nisijue kwamba huenda viroboto wengine walikuwa ni wetu sisi wenyewe, tuliowalea katika vumbi la sakafu tuliyowalazia bibi na mjukuu wake.

Basi tufanye nini? Naomba mama, baba na vijana wasome sehemu hii kwa makini.

Kwanza, usiue panya kabla ya viroboto. Hili ndilo kosa langu, na ndilo kosa la wengi. Mahali penye tauni, au penye panya wanaokufa ovyo, muite bwana au bibi afya ili dawa ya wadudu inyunyizwe kwanza katika njia za panya, matunduni na sakafuni. Viroboto wakishapungua ndipo mitego na sumu zifuate. Ukigeuza utaratibu huo, unawafukuza wapangaji wenye njaa kutoka kwa panya na kuwaelekeza kwa watoto wako.

Pili, ukiona panya amekufa bila ya sababu unayoijua, hasa wakiwa wawili watatu, usimguse kwa mikono, wala usimpe mtoto mkia wake akamtupe. Toa taarifa mara moja. Kama hapana budi kumwondoa, tumia koleo refu, umfukie shimoni au umchome. Vifo vya panya ni kengele inayolia kabla ya vifo vya watu.

Tatu, tengeneza sakafu na malazi. Fagia kila siku hadi pembeni na chini ya vitanda, kwani buu la kiroboto hulelewa na vumbi lile unaloliacha uvunguni. Sakafu ya udongo ipakwe na kupigiliwa isiwe na nyufa. Mikeka, magodoro na mablanketi yatolewe juani na kukung'utwa mara kwa mara. Na kila nyumba ijitahidi kuwainua watoto na wazee kutoka sakafuni, hata kwa kitanda cha kamba. Kitanda kirefu si anasa, ni ngome.

Nne, nafaka isilale na watu. Kihenge kilichoinuliwa na kufunikwa vizuri, nje ya nyumba, humfanya panya shamba akose sababu ya kuvuka daraja. Kuni na takataka zisirundikwe ukutani.

Tano, unaweza kuwapima viroboto wako mwenyewe. Weka usiku beseni pana la maji yenye sabuni katikati ya chumba kisichokuwa na watu, na katikati yake simamisha taa ndogo juu ya tofali, mahali ambapo haiwezi kuanguka wala kufikiwa na mtoto. Viroboto huufuata mwanga, hurukia maji, na sabuni huwazamisha. Ukikuta kundi asubuhi, usione haya. Watie katika kichupa chenye spiriti umpelekee mtu wa afya. Ni elimu utakayokuwa umeipatia wilaya yako.

Sita, na hili halina mjadala: mtu akipatwa na homa kali ya ghafla, baridi, maumivu ya kichwa, na mtoki wenye kuuma kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni ya mitoki isipotibiwa huua kati ya watu 30 na 60 katika kila 100 waipatao. Ikiwahiwa kwa dawa kama streptomaisini au doksisaiklini, wengi hupona. Asipelekwe kwanza kwa mpiga ramli, wala asifichwe kwa aibu, kwani ugonjwa huu ukifika mapafuni huambukizwa kwa pumzi, na hapo hauhitaji tena kiroboto.

Wala tusiseme habari hizi ni za kale. Mwaka 2017 tu, jirani zetu wa Madagaska walipata wagonjwa waliothibitishwa na waliodhaniwa zaidi ya 2,400, na watu 209 wakapoteza maisha. Huko nako wapo viroboto wawili wenye kwao: cheopis wa majumbani, na mwingine aitwaye Synopsyllus fonquerniei, ambaye hapatikani penginepo ila katika kisiwa hicho, naye hukaa zaidi nje ya nyumba katika nyanda za juu. Mmoja hupokea ugonjwa mlangoni, wa pili huutunza shambani. Ndiyo maana kazi ya kuwahesabu na kuwapa majina wadudu wadogo kuliko punje ya mtama haijaisha, wala si mchezo wa watu wasio na kazi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kiroboto naye ni vivyo hivyo. Nyumba moja ikisafishwa na ya jirani ikaachwa, panya atahama kwa usiku mmoja na mizigo yake yote. Zungumzeni majirani, chagueni siku moja ya kufagia, kuanika na kuziba matundu.

Bibi yule alikwisha kutangulia mbele ya haki, akiwa amelala kitandani miaka yake yote ya mwisho, si mkekani. Binti yetu ana watoto wake sasa. Juzi aliniletea salamu kwamba panya wamemzidi na kwamba amekwisha kununua sumu. Sikumtumia hotuba ndefu. Nilimwuliza lile swali la mzee wa Usambara, akaelewa, akaiweka sumu juu ya kabati na kwenda kwanza kumwita bwana afya.

Nawe ndugu msomaji, leo jioni kabla hujazima taa, inamisha kichwa utazame uvunguni. Kwaheri hadi Jumapili ijayo.